Orodha ya Waliolia

Kompyuta haina haya. Ingekuwa na haya, asubuhi ile ya Jumamosi ingekohoa kwanza, au ingezimika yenyewe kama inavyozimika siku ambazo mtu hana kosa lolote. Haikufanya hivyo. Ilimwandikia Karani kwa herufi safi, zilizonyooka: "Jumla: 0". Na chini yake, kana kwamba inampa hongera: "Programu imemaliza. Makosa: hakuna."

Karani akatabasamu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba alitabasamu. Alidhani ni kasoro ndogo ya mwanafunzi, akabonyeza kitufe cha kuendesha programu mara ya pili, kisha ya tatu, kama mtu anayegonga mlango akiamini wenyewe wamo ndani. Sufuri. Sufuri tena. Ndipo akalifungua lile faili alilotaka kulihesabu, aone tatizo liko wapi. Ndani hamkuwa na kitu ila maneno yale yale: "Jumla: 0". Orodha nzima ya watoto wa Mkunga ilikuwa imefutika, na mfutaji alikuwa yeye.

Sasa mjue watu wenyewe, maana mashine haina kwao.

Karani alikuwa karani kweli, wa ofisi ya maji. Miaka kumi na mitano alikuwa akinakili namba za mita kwenye vitabu vikubwa vyenye majalada magumu, mpaka wakubwa waliposema vitabu vinahamia kwenye kompyuta na asiyejifunza atahama na vitabu. Akajiandikisha darasa la kuandika programu, kila Jumatano jioni baada ya kazi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wifi yake alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. "Mvi zinaingia na wewe unaingia darasani," alisema. "Mtapishana mlangoni."

Mkunga alikuwa mama mkwe wake. Mwanawe, mume wa Karani, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na nyumbani alionekana siku nne kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na binti wa Karani wakati wa likizo. Kwa miaka thelathini na minne Mkunga alizalisha wanawake, wengine zahanati, wengine majumbani mwao, mmoja nyuma ya gari la kubebea mawe. Na kila mtoto alimwandika kwenye daftari: jina la mama, siku, saa, uzito, na jinsi alivyolia. Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu. "Alilia papo hapo." "Alilia baada ya kupigwa mgongo." "Alilia kwa hasira, kama anadai." Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakushika kalamu mpaka asikie sauti. "Asiyelia haandikwi," aliwaambia wasaidizi wake, na watu wakalijua neno hilo mtaa mzima.

Karani alilijua kuliko wengine. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, miaka kumi na tisa iliyopita, alipokelewa na mikono ya Mkunga huyo huyo, na hakulia. Walimzika siku ile ile. Tangu hapo hakuna aliyemtaja kwa Karani, na Karani hakumtaja kwa mtu. Ila kila aliposikia mama mkwe akisifiwa kwa ile orodha yake, aliondoka, akajitafutia kazi jikoni. Alimpenda Mkunga. Lakini sifa ile haikumezeka.

Orodha haikuwa ya pambo. Nusu ya watu wa mtaa hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala karatasi yoyote. Akitaka mtu kuandikishwa shule, kuolewa serikalini au kustaafu, alikwenda kwa Mkunga, na Mkunga alilamba kidole, akafunua daftari, akampa siku yake. Watu wazima wenye ndevu walikaa kwenye kiti cha plastiki uani wakisubiri kuambiwa wamezaliwa lini na walilia vipi.

Madaftari yalipoanza kuliwa na mchwa, ni Karani aliyemfundisha kuyaingiza kwenye kompyuta. Mkunga alichapa kwa vidole viwili, kila asubuhi baada ya chai, watoto wawili, si zaidi. Herufi kubwa kama za bango, maana macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Ilimchukua miaka mitatu. Alipomaliza, Karani akasema yale maneno ambayo sasa angetoa jino kuyarudisha: "Mama, hivi vya nini tena? Vinatuletea mchwa tu. Kompyuta haisahau." Wakayachoma uani, na kiberiti aliwasha Karani. Madaftari saba. Mkunga aliyatoa moja moja, isipokuwa la nne, ambalo alilibana kwapani kwa muda mrefu, mpaka Karani akacheka akamwambia mama mbona unaaga daftari. Ndipo akalitoa.

Nakala moja ilikuwepo, kwenye flashi. Darasani waliambiwa kila mmoja aje na flashi tupu. Karani akaisafisha ile, kwa siku mbili tatu tu, akijiambia atarudisha nakala siku akipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Mwalimu wa darasa walimwita Nukta, kwa sababu kila programu ikigoma alisema, "Angalia nukta!" Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lenye kalamu tatu. Jumatano ile aliwaonyesha dirisha la kuandikia programu: juu unaandika, pembeni kuna alama ya kijani kama kishale, chini mashine inakujibu. Programu yao ya kwanza ilikuwa mstari mmoja, wa kuiambia kompyuta iseme "Hujambo". Karani akaandika, akabonyeza kishale, na chini kule neno likatokea. Hujambo. Mwanamke mzima machozi yakamlengalenga. Miaka kumi na mitano alikuwa akiandika na karatasi haijawahi kumjibu.

Mwisho wa somo Nukta akawapa mfano mrefu kidogo, wa kuhesabu mistari ya faili na kuandika jumla kwenye faili lingine, na akawaonya. "Nimewatengenezea folda ya mazoezi. Humo vunjeni mnavyotaka. Lakini faili la kweli la mtu, usiliguse kabla hujatoa nakala. Mmenisikia? Nakala kwanza, ushujaa baadaye." Walimsikia. Karani hata aliandika kwenye daftari lake na kupigia mstari chini.

Lakini ushujaa ulikuwa umeshampanda. Mkunga hakuwahi kujua amezalisha watoto wangapi. Ukimwuliza alisema kuhesabu ni kazi ya muuza mayai. Karani akawaza: Jumapili wifi akija, wakiwa wote mezani, nitasema, Mama, watoto wako ni kadhaa. Programu yangu imewahesabu. Aliona kabisa uso wa wifi utakavyokaa.

Jumamosi asubuhi, Mkunga yuko kwa jirani, Karani akafungua kompyuta. Mfano wa Nukta ulikuwa na sehemu ya kuweka jina la faili la majibu. Karani, kwa haraka yake, alidhani panaulizwa jina la faili la kuhesabiwa, akaweka la orodha. Na sehemu ya pili, ya faili la kuhesabiwa, akaweka la orodha vile vile. Kompyuta ikafanya ilivyoambiwa: ikaandaa kwanza mahali pa majibu, yaani ikafagia kila kilichokuwemo, kisha ikaingia mle mle kuhesabu. Haikukuta mtu.

Mkunga aliporudi, Karani alikuwa amekaa mbele ya kioo kilichozimwa.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Kichwa tu."

"Achana na hicho kidude, ndicho kinachokunywa damu."

Ndivyo uongo ulivyoanza, kwa kichwa tu.

Kulikuwa na jambo moja lililomsaidia Karani, na lilimfanya ajichukie zaidi. Mkunga alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, amevaa miwani myeusi, na daktari alimkataza kuangalia kioo cha kompyuta mwezi mzima. Kwa hiyo hakuna ambaye angejua kwa wiki kadhaa. Karani alijiona anafurahia ugonjwa wa mama mkwe, na roho ikamsuta mpaka akashindwa kumaliza chakula.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akampelekea Nukta kompyuta. Nukta hakumkaripia. Alikaa saa mbili na nusu akijaribu hili na lile, kalamu zake tatu zikitikisika kifuani, kisha akageuza kioo ili Karani aone. Kompyuta ilikuwa imechimbua vipande, maneno yaliyosalia huku na kule bila kichwa wala miguu. "Kilo tatu." "Alilia." "Jumanne jioni." "Alilia." "Alilia." "Alilia baada ya." Ukurasa mzima wa vilio visivyo na wenyewe.

"Nakala hakuna?" Nukta aliuliza.

"Hakuna."

"Basi Mama, hapa ndipo ninapoishia." Aliangalia meza. "Mwenye orodha anajua?"

"Nitamwambia leo."

Hakumwambia leo. Hakumwambia kesho yake. Alimpikia Mkunga vitu laini, alimtia dawa ya macho asubuhi na jioni, alimfulia hata mashuka yaliyokuwa safi, na kila Mkunga aliposema "Mungu akubariki, mwanangu," alihisi kama amepigwa kibao. Ofisini alinakili namba za mita akakosea mara tatu kwa siku moja, yeye ambaye hakuwahi kukosea mara tatu kwa mwaka. Na zaidi ya kosa lenyewe, kulikuwa na swali lililomfuata kila mahali, hata bafuni. Hivi kweli ilikuwa haraka tu? Nukta alisema nakala kwanza, na yeye alipigia mstari. Kwenye orodha ile wa kwake wa kwanza alikuwa sufuri tangu mwanzo. Je, hakukuwa na sehemu yake, ndogo, iliyofichwa mbali, iliyotaka wote wawe sufuri? Alijibu hapana. Alijibu hapana kila siku, na mtu asiye na hatia hajibu swali moja kila siku.

Siku ya kumi na moja, alasiri, akaja msichana mwenye sare ya shule na fomu mkononi. Alikuwa anaandikishwa mtihani wa mwisho na walitaka tarehe kamili.

"Mwaka naujua," alisema. "Siku na mwezi ndiyo sijui. Mama anasema yeye alikuwa amezimia, nimwulize Mkunga."

Mkunga alikuwa mlangoni na ungo wa mchele magotini, akichambua kwa kupapasa. Akacheka. "Alizimia kweli mama yako. Karani, mwanangu, mfungulie kompyuta umsomee."

Ilikuwa saa ya kusema. Karani alijua kabisa kwamba ndiyo hiyo. Akaingia ndani, akaifungua kompyuta, akalitazama lile faili lenye sufuri tu. Mlango ulikuwa wazi. Wote wawili walikuwa wanamsikiliza. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, polepole, kama ya mtu anayesoma kweli, "Tarehe kumi na nne, mwezi wa tisa."

"Na nililia vipi?" msichana aliuliza. Kila mtu aliuliza hilo.

"Papo hapo," alisema Karani.

Msichana akafurahi, akashukuru, akaondoka mbio, maana fomu zilikuwa zinapokelewa mwisho saa kumi. Uani kukabaki sauti ya mchele kwenye ungo. Kisha na hiyo ikakatika.

"Karani."

"Naam, Mama."

"Njoo hapa nikuone, ingawa sikuoni." Karani akatoka, akasimama mbele yake. "Mwaka ule, mwezi wa tisa, nilikuwa na plasta mkono huu, toka begani mpaka vidoleni. Nilimzalisha kwa nini, kwa meno?"

Karani aliinama, akaokota punje ya mchele iliyoanguka.

"Tarehe hiyo umeisoma wapi?"

"Sikuisoma, Mama."

"Umeitoa wapi?"

"Kichwani."

Mkunga aliuweka ungo chini, taratibu, usimwagike. "Tarehe sita, mwezi wa nne," alisema. "Upepo uling'oa bati la zahanati, nikamfunika kwa koti la mlinzi. Na hakulia papo hapo, alinisumbua." Karani akafungua mdomo, machozi yakamtangulia. "Mfuate kwanza! Anakwenda kuandikwa mtihani kwa uongo wako. Kulia utalia ukirudi."

Karani alikimbia. Alikimbia na ndala ya bluu mguu mmoja na ya njano mguu mwingine, akapita fundi viatu, akapita msururu wa watu kwenye bomba, ambao baadhi yao alikuwa akiwaandikia mita na hawakuwahi kumwona akienda kasi kwa jambo lolote. Alimkuta msichana kwenye kibanda cha kutolea fotokopi, ameinama juu ya kaunta. Alikuwa ameshaandika kwa wino. Kumi na nne, mwezi wa tisa, kwa mwandiko mzuri wa mtoto anayejitahidi.

"Si hiyo," alisema Karani, akihema. "Ni tarehe sita, mwezi wa nne."

"Lakini Mama, si umesoma kwenye kompyuta?"

Kulikuwa na watu watano kwenye foleni, na mwenye kibanda. Wote walikuwa wamegeuka.

"Nilikudanganya," Karani alisema. "Kwenye kompyuta hamna kitu. Nilikifuta."

Msichana alimwangalia kwanza miguu, zile ndala, kisha uso. Akaomba fomu nyingine, akaanza upya toka jina lake, na Karani akasimama pale pale mpaka tarehe ilipoandikwa sawa.

Aliporudi alikuta Mkunga hajasogea. Akapiga magoti kwenye saruji, akaeleza yote: darasa, Jumapili ya kumtambia wifi, faili, flashi, siku kumi na moja. Hakujipunguzia. Hata lile la kufurahia miwani myeusi alilisema. Swali lake la bafuni tu ndilo hakulitoa.

"Mficha uchi hazai," alisema Mkunga mwishoni. "Miaka thelathini na minne nimewaambia hivyo wanawake wenye uchungu. Sikujua nitakuja kumwambia mtu kwa ajili ya kompyuta." Akauvuta ungo karibu. "Wamebaki wangapi?"

"Hakuna, Mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Hapo uso wa Mkunga ukabadilika, kwa namna ambayo Karani hakuielewa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mkunga aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

Hakutoka siku mbili, isipokuwa kwa haja. Chakula cha Karani hakukigusa. Alijichemshia chai mwenyewe, kwa macho yale, na Karani kutoka chumba cha pili alisikia sukari ikimwagika na kijiko kikianguka, na hakuthubutu kwenda kusaidia. Mume alipiga simu toka safarini, akaambiwa mama amelala. Na nyuma ya mlango ule kulikuwa na sauti, mchana kutwa, ya Mkunga akinong'ona. Karani alidhani analaaniwa. Aliona ni haki yake, akaendelea kufua.

Siku ya tatu, asubuhi, baada ya chai, Mkunga akatoka amebeba kiti chake mwenyewe. Akakiweka mbele ya meza ya kompyuta.

"Kaa. Fungua."

Karani akakaa, akafungua.

"Nimewapitia mmoja mmoja, siku hizi mbili," alisema Mkunga. "Wengi ninao. Wote sinao. Hilo ulijue, na ulale nalo. Kuna watu watakuja kukaa kwenye kile kiti uani, nami nitawaambia sijui, na sababu ni wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Naanza na wale ninaowakumbuka hata nikiamshwa usingizini. Andika. Tarehe ishirini na mbili, mwezi wa saba."

Vidole vya Karani vikaandika ishirini na mbili. Vilipofika kwenye saba, vikasimama.

"Mwaka?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Mwaka unaujua. Andika. Saa kumi na moja na robo alfajiri. Jina la mama, weka lako. Wa kiume. Kilo mbili na nusu."

"Mama. Huyu hakulia."

"Andika hivyo hivyo. Hakulia."

"Ulisema asiyelia haandikwi."

"Niliwaambia watu. Mkunga lazima awe na sheria, la sivyo majonzi yatamuua kabla ya mwaka wa pili. Nimeishika kwa wote. Lakini yule alikuwa mjukuu wangu." Mkunga alivua miwani myeusi, akaifuta kwa upindo wa nguo, akairudisha. "Nilimwandika siku ile ile, walipokuwa wamekwenda kuzika. Kwa kalamu nyekundu, nyeusi sikuiona ilipo. Alikuwa kwenye daftari la nne, kisha humo kwenye kompyuta."

Karani aliukumbuka moto uani, na daftari lililobanwa kwapani, na kicheko chake. Aliikumbuka miaka ya kupangusa vumbi juu ya kompyuta ambayo mtoto wake alikuwa ndani yake. Ametajwa, amepimwa, yuko pamoja na wenzake. Kisha yeye, mama yake, alimchoma mara moja na kumfuta mara moja, na katika huko kumfuta alibonyeza kitufe mara tatu. Na lile swali lake likapata jibu ambalo hakulitaka: kama kweli kulikuwa na sehemu yake iliyotaka wote wawe sufuri, basi ilimchukua na wa kwake.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Hukuuliza. Na mimi niliogopa utauliza." Mkunga alivuta pumzi. "Tulikuwa tunaogopana tu, miaka yote hiyo. Haya, andika."

Karani akaandika. Hakulia. Akahifadhi.

"Sasa kile kidude chako cha kuhesabu," alisema Mkunga. "Kiwashe."

"Hapana, Mama!"

"Sikutajii wa pili mpaka nione kwamba huyu haliwi. Niwataje wote halafu kesho kiwameze tena? Kiwashe akiwa mmoja."

Karani akatoa nakala. Akatoa nyingine kwenye flashi, akaichomoa, akaiweka mkononi mwa Mkunga. Akachukua karatasi akanakili mstari ule kwa kalamu, kama anavyonakili mita, na hakukosea. Kisha akafungua dirisha la programu, akaisoma neno kwa neno mara nne. Mahali pa faili la majibu akafuta jina la orodha, akaandika "majibu". Akapeleka mkono kwenye kile kishale cha kijani.

Akabonyeza.

"Imesema ngapi?" aliuliza Mkunga, ambaye alikuwa hawezi kuona.

Karani aliigusa namba kwa kidole.

"Mmoja, Mama."

"Fungua orodha uone kama bado yupo."

Akafungua. Alikuwepo, mstari mmoja juu kabisa, na chini yake weupe wote ule.

"Yupo."

"Nisomee."

Karani alisoma tarehe, na saa, na jina lake mwenyewe, na kilo mbili na nusu. Neno la mwisho lilimshinda. Mkunga aliufungua mkono wenye flashi, akaufunga tena, akangoja Karani ajifute uso. Kisha akaanza kumtaja wa pili.